Mkono wa Leta

Bulaimu wa kule Kabambare alikuwa Mwislamu wa kuswali, na alikula kwa mkono wa kushoto. Mkono wa chooni, ndiyo. Mgeni akiguna, Bulaimu hakujitetea. Alimega bugali yake kwa kushoto, ule wa kulia kaukalia. Watu wamesema mengi: alirogwa, aliungua. Waongo wote. Mimi mjomba wenu, niliyesoma kwa mapadri wa Kasongo mpaka mapadri wenyewe wakachoka, ndiye ninayejua, kwa sababu mke wake Amisa alinieleza. Na Amisa hakueleza kila mpita njia.

Ilikuwa miaka ya pamba ya lazima. Serikali ya Wabeleji tuliiita Leta, neno la Kifaransa tulilolitafuna mpaka likawa letu. Angalieni ujanja wake: Leta ni serikali, na leta ni kumwamuru mtu alete. Mzungu hakujua kwamba jina lake linaamuru lenyewe. Kassimu alijua.

Huyu Kassimu alikuwa mfua nguo wa bwana mmoja wa pamba. Alifukuzwa, akaondoka na kofia ngumu ya bwana wake. Basi, hakuwa na kingine. Aliingia kijijini kwa Bulaimu kofia kichwani, akakaa kwenye kiti cha kapita, mkubwa wa kijiji, na kapita mwenyewe akabaki kusimama.

"Leta inasema leta kuku," akasema.

Kuku akaletwa. Na aliyekwisha toa kuku atakataaje kamba? Atajiuliza kuku alimtoa ya nini.

"Leta inasema leta kamba. Haya. Sasa leta yule mwenye kupanda mihogo katikati ya pamba."

Huyo alikuwa Alimasi, kaka ya Amisa. Mihogo alipanda kwa sababu pamba hailiwi. Na Kassimu, mihogo haikumwuma hata kidogo. Alitaka kukaa pale akila kuku za watu bila kuulizwa, na kijiji kikishasikia mtu mzima analia, hakiulizi.

Kwetu shemeji hapigwi. Hata miguu yake huiruki akiwa amekaa. Kassimu akamchagua Bulaimu makusudi, msuka mikeka, mpole hata mbwa walimzoea vibaya. Mpole akipiga, nani atabisha? Akamshikisha fimbo ya ngozi ya kiboko.

"Bwana, huyu iko shemeji yangu," Bulaimu akasema.

"Nani amekuuliza ukoo? Wewe haupigi. Leta ndiyo inapiga. Hii mukono haiko yako leo, iko mukono ya Leta. Kama iko kosa, nitajibu mimi."

Bulaimu akapiga. Nitajibu mimi: neno hilo ndilo lililomwua Alimasi, fimbo ilisaidia tu. Bulaimu alisita mara moja tu, akamtazama Kassimu. Kassimu alikuwa anatafuna muwa, hata hakugeuka.

"Leta haijachoka," akasema.

"Shemeji," Alimasi akaita kutoka chini alipolazwa, "ni mimi."

Bulaimu machozi yanamtoka, mkono unaendelea. Amisa akapasua katikati ya watu.

"Mie naona kofia tu. Leta yenyewe iko wapi?"

"Huyu mama naye anataka kulala pale?" Kassimu akauliza, polepole.

Majirani wenyewe wakamziba Amisa mdomo. Majirani, si Kassimu.

Alimasi alikojoa damu, akafa kabla pamba haijapasuka. Ndipo akaja askari kutoka Kasongo kutafuta kofia iliyoibwa. Kassimu alikwisha nusa hatari, amekimbilia upande wa Nyangwe.

"Leta haikutuma mutu hapa," askari akasema. Aliuliza habari za kofia. Za kaburi hakuuliza.

"Alisema atajibu yeye," Bulaimu akamwambia.

Askari akacheka. "Basi mumungojee."

Siku hiyo Amisa alipika kama kawaida, akaweka sahani mkekani. Bulaimu akanawa, akanyoosha mkono wa kulia. Amisa akaivuta sahani kwake.

"Ule iko mukono ya Leta," akasema. "Leta ije iulishe. Wewe kula na ule uliobaki wako."

Hakumwacha. Alimpikia mpaka uzeeni, na kila alipoweka sahani, aliiweka upande wa kushoto.