Jiwe Tulilolilainisha kwa Makalio

Enzi zetu kalenda haikutupwa mwaka ulipoisha. Baba alikwenda Kahama kununua mkanda wa mashine ya kusaga, na yule Mhindi mwenye duka akampa kalenda ya bure iliyotoka Ujerumani pamoja na mashine. Picha kumi na mbili, kila mwezi na mji wake. Januari daraja la mbao lenye paa kama nyumba. Mei saa kubwa ya ukutani, wanasesere wanatoka dirishani kupiga kengele. Agosti nguruwe wa shaba amekaa mbele ya jengo, pua inang'aa. Ilikaa ukutani kwa baba mpaka moshi ukaigeuza rangi ya chai, na sisi watoto tukaitembelea miji ile yote bila nauli. Tuligombania miezi. "Mimi naishi Mei!" "Toka hapa, wewe kaa Januari!" Vijana wa siku hizi wanapitisha picha mia kwa kidole kimoja kabla chai haijapoa, ukimwuliza mmoja wao ameona nini, anakwambia, "Sikumbuki, babu."

Lakini sikukusudia kuzungumzia kalenda. Nina hasira, na nikiwa na hasira huanzia mbali. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie.

Nataka kusema habari za jiwe letu. Kijijini kwetu, upande wa Geita, palikuwa na jiwe kubwa kuliko nyumba, limelala kiubavu. Juu palikuwa tambarare, na mama zetu walianika hapo michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande, mpaka kijiji kizima kinanukia utamu. Upande wa mteremko ulikuwa wetu. Tulimwaga maji kidogo kwa kibuyu, tukakaa, tukateleza huku tunapiga kelele. Kulikuwa na mifereji miwili, wa wavulana na wa wasichana, na ule wa wasichana ulikuwa na kina zaidi kwa sababu wao waliteleza na wadogo zao mgongoni. Laini kama shavu la mtoto. Hakuna fundi aliyeuchonga. Bibi yangu aliteleza pale, na bibi yake kabla ya hapo. Jioni ukirudi na kaptula imetoboka nyuma, mama anakusubiri na fimbo: "Makalio ni yako, kaptula ni yangu!"

Sasa sikilizeni. Binti yangu Kabula ni muuguzi katika mji mmoja huko Ujerumani. Alinialika nikakaa naye wiki tatu, na jirani yake, Mzee Werner, mstaafu mwenye mvi kama zangu, akatutembeza. Nikaliona daraja lenye paa. Nikamkuta nguruwe wa Agosti, au ndugu yake. Watu wazima wamepanga foleni kumshika nguruwe pua! Mzee akaeleza, Kabula anatafsiri, kwamba ile pua imeng'arishwa na mikono ya wapita njia tu, vizazi na vizazi. Wamemwekea kibao. Wamemwekea na mlinzi.

Nikacheka mpaka nikashika nguzo. "Mwambie sisi tuna jiwe zima, na hatukutumia mikono."

"Baba, jamani!" Kabula akaona haya.

"Mwambie!"

Akamwambia. Mzee hakucheka hata kidogo. Akauliza kama anaweza kuja kuliona. Nikamjibu karibu sana, jiwe haliendi popote. Maneno yangu mwenyewe hayo.

Kiangazi kilichofuata akaja kweli, na Kabula. Siku hizi naishi Ibadakuli, mbali na kwetu, na kijijini nilikuwa sijafika muda mrefu. Mzee wa watu amepanda ndege, amepanda basi, amekula vumbi njia nzima, hajalalamika. Tulipokata kona ya mwisho nikadhani nimepotea kwetu. Palikuwa peupe. Mashine ya kusaga mawe, wenyewe wanaiita karasha, inanguruma, unga wake umefunika mihogo ya watu, na kando yake lundo la kokoto.

Mdogo wangu Shija, ambaye ndiye mwenyekiti wa kitongoji, akaja mbio. "Shikamoo, kaka! Karibuni, wageni!"

Sikuitikia. Tangu azaliwe sijawahi kuiacha shikamoo yake hewani.

"Jiwe liko wapi?"

"Ah, kaka. Walikuja jamaa wakasema lina dhahabu. Tukakaa kikao, tukawaruhusu."

"Lilikuwa nayo?"

"Hapana." Akacheka kile kicheko cha mtu aliyefumaniwa. "Basi wakaona wasirudi bure, wakalisaga."

"Ukashindwa kunipigia simu?"

"Ningekwambia nini, kaka? Jiwe! Mgeni mpeleke mgodini akaone makatapila, tairi peke yake inamzidi mtu urefu. Hayo ndiyo ya kuona!"

Mzee Werner alikuwa amechutama kwenye lundo, anageuza kokoto moja moja kama mtu anayechambua mchele. Akaokota moja, akaniwekea kiganjani. Pande zote zilikuwa zinakwaruza, isipokuwa mmoja, laini kabisa. Akasema neno. Kabula akanigeukia.

"Anauliza, baba, kama upande huu ndio mliokuwa mnautelezea."

Jamani. Enzi zile hatukuwa na kibao wala mlinzi, wala mtu wa kutuambia neno urithi. Hata hivyo mtu akitaka jiwe la kujengea, alilikwepa lile akaenda mbali, bila kukatazwa na yeyote. Leo tuna mwenyekiti, tuna muhuri, tuna vikao na mihtasari, na kwa kikao kimoja tumesaga bibi zetu wote. Watoto wa kijiji kile leo wanateleza wapi?

Tukaketishwa mkekani kwa Shija. Kuku alikuwa amechinjwa. Mke wake akaja na birika la kunawa, amepiga goti mbele yangu, maji yameanza kutiririka. Nikainuka. Sikumtukana mtu. Nilimpita shemeji na birika lake, nikampita ndugu yangu wa tumbo moja, nikashika njia.

"Kaka!" Shija akaita nyuma. "Kaka, chakula kiko tayari!"

Sikugeuka. Kabula na mgeni wake wakanikuta barabarani. Mwaka wa pili huu, sijarudi.