Dume Yuko Mbweni

Mume wangu alipostaafu kazi ya bandarini, wenzake walinunua bodaboda wakawapa vijana waendeshe. Yeye alinunua sungura watatu. Alisimama kwenye ua wa nyumba yetu hapa Temeke, tenga mkononi, uso unamng'aa kama wa mtu aliyeleta mahari, akaniambia hawa ni sungura wa nyama. Nyama yao nyeupe, laini, haina mafuta, hata wagonjwa wa presha wanaila, na mjini watu wameanza kuiulizia. Nikachungulia ndani ya tenga. Majike wawili, dume mmoja. Sikuuliza kwa nini majike ni wawili, maana wake tuko wawili.

Mke mwenzangu anakaa Mbweni, kwenye nyumba mpya yenye kiwanja kikubwa na upepo wa bure kutwa nzima. Mimi nina nyumba ya zamani, ua wa saruji, na friji ninayogandishia barafu za ubuyu ninazouza kwa watoto wa shule. Simchukii, lakini namwonea wivu, na sioni haya kulisema. Namwonea wivu kwa kile kiwanja. Namwonea wivu kwa miguu yake, ambayo haijui kupasuka. Zaidi ya yote namwonea wivu kwa kumpata mume wetu akiwa ameshapoa, ana subira na maneno matamu, wakati mimi nilimpata akiwa kijana mwenye hasira na suruali mbili.

Ila kwenye zamu mume wetu alikuwa mwadilifu. Siku zangu zilikuwa zangu, za mwenzangu zilikuwa zake, na magharibi ya zamu yangu lazima ningesikia kikohozi chake getini. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho sawasawa na mtu wa Mbweni. Ndicho nilichokuwa tayari kukipigania.

Basi akatugawia kila mmoja jike lake. Dume hagawanyiki, kwa hiyo akamwingiza kwenye zamu. Sitanii. Mume wangu alikuwa anakuja kwangu na begi lake la nguo, na kanzu ya Ijumaa kwenye hanga, na dume ndani ya tenga. Zamu ikiisha wanaondoka wote wawili kwenda Mbweni. Jirani yangu, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akawa anakaa barazani kwake kuwasubiri.

"Shemeji, leo zamu ya nani, yako au ya huyo ndani ya tenga?"

"Yetu wote," mume wangu alijibu, bila hata kutabasamu.

Mara ya kwanza alipomtia dume kwenye kizimba cha jike wangu, hatukupata muda wa kurudi nyuma. Jike alimrukia. Alimkimbiza kona zote, manyoya yakaruka, na dume alipotolewa sikio lilikuwa linavuja damu. Mume wangu alimkumbatia kifuani, akampuliza sikio, akamwita baba pole. Miaka yote niliyojikata kwa kisu cha jikoni, sijapulizwa hata kidole.

Akampigia simu bwana mifugo wa mtaa. Yule bwana alikuja, akatazama kizimba, akatazama sikio, akacheka mpaka akakaa.

"Mzee, dume hapelekwagi kwa jike. Jike ana wivu na nyumba yake, akiingiliwa anapigana. Jike ndiye anapelekwa kwa dume, akishapandwa unamrudisha kwake. Na huyu dume mtafutie sehemu moja atulie, yenye kivuli na upepo. Akipata joto sana nguvu zinamwisha, utasubiri vitoto mpaka uchoke."

Tangu siku ile nilimpenda yule jike. Lakini maneno ya mwisho ya bwana mifugo yalinikaa vibaya, kwa sababu nilijua kivuli na upepo viko wapi.

"Ishu ni ya kitaalamu, mke wangu," mume wangu alisema jioni ile huku anafungasha tenga. "Dume atakaa Mbweni."

Ikaanza taratibu. Kwanza zamu yangu ikawa inachelewa, kwa sababu dume hajala. Halafu ikawa inakatika mapema, kwa sababu jua la Mbweni leo kali na dume anahema. Akaanza kujaza maji kwenye chupa za plastiki na kuzigandisha kwenye friji yangu mimi, kwa sababu kule umeme ulikuwa unasumbua. Dume akilala kando ya chupa ya barafu mwili unapoa. Barafu zangu za ubuyu zikasukumwa pembeni, na mume wangu akawa anaondoka kwangu asubuhi na chupa zilizoviringishwa kwenye khanga yangu, mbio mbio, asije akafika zimeyeyuka. Nilisimama getini nikimwangalia anavyokumbatia ule mzigo. Roho iliniuma mpaka nikahisi uchungu mdomoni. Usiniambie ni sungura tu. Mwanamume anayeondoka na siku zako anaondoka nazo, awe amefuata mwanamke au mnyama.

"Huyu dume ni wa nyama au ni wa ukoo?" nilimuuliza siku moja. Kichwani nilikuwa nimeshamkata vipande, nimemtia tangawizi na ndimu, namalizia na tui zito la nazi.

"Huyu ni mbegu. Wanaoliwa ni watoto wake."

"Basi mlete hapa. Kama ni kivuli, nitamtafutia kivuli. Namtaka hapa kwangu."

Nililirudia neno hilo kila alipokuja, na kila mara alinijibu kwamba ni ishu ya kitaalamu.

Siku jike wangu alipokuwa tayari kupandwa, nilikataa kumpa mume wangu tenga. Nilisema nitampeleka mwenyewe. Nilivaa baibui langu jipya, nikajifukiza udi kana kwamba naenda harusini, nikavuka mji mzima na sungura mapajani. Nilitaka kuona kwa macho yangu kitu kinachomeza siku zangu.

Mke mwenzangu alinifungulia geti. "Shikamoo dada. Karibu, pole na safari."

"Marahaba," nilisema, macho yangu yameshamruka yako nyuma ya nyumba.

Banda lilikuwa limeinuliwa kwa nguzo, limeezekwa makuti, sakafu yake wavu wa waya ili mavi yaanguke chini, na chini yake kuna tuta la mchicha ulionawiri kwa hayo mavi. Mume wangu alikuwa amechuchumaa pale, msuli umekunjwa mapajani, anasugua bakuli la maji. Nimemwomba shelfu la jikoni tangu mtoto wangu wa mwisho anatambaa, na mtoto huyo sasa ana ndevu. Hapa amejenga nyumba nzima ya ghorofa kwa ajili ya sungura. Nilijikaza nisilie mbele ya mwenye kiwanja.

Mwenye kiwanja alikuwa ametoka na kiroba cha majani ya matembele begani. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo mirefu mpaka viwikoni, na mimi, kwa wivu niliokuwa nao, niliiona kama bangili. Nilidhani anaionyesha makusudi.

"Dada, huyu dume anakulaga kuliko sie wote hapa ndani," alisema.

Nikaona ananiringia. Nikamjibu kwa tabasamu la meno tu.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Jike akatiwa kwa dume, dume akazunguka, akapanda, akaanguka ubavu na kutoa kilio kidogo, imekwisha. Mume wangu akapiga makofi. Niliondoka na jike wangu bila kunywa hata maji.

Baada ya kama wiki mbili mume wangu alikuja kumpima mimba. Alimkalisha jike kwenye meza yangu ya kulia, akapitisha vidole chini ya tumbo, polepole, amefumba macho, anatafuta vitu vidogo kama zabibu. "Vimo," alinong'ona. Nilikuwa nimesimama na sahani ya chakula chake. Nimemzalia watano, na katika mimba zote hizo mkono wake haukuwahi kulitafuta tumbo langu namna ile. Niliiweka sahani mezani karibu kabisa na jike, kwa kishindo, akashtuka yeye na jike pamoja.

Hata hivyo, jike wangu ndiye aliyenirudishia mume. Siku zilipokaribia, alianza kujinyofoa manyoya ya kifuani na kuyatandika kwenye sanduku la kuzalia, na mume wangu akagoma kuondoka. Vikazaliwa vitoto vyekundu visivyo na unyoya, vimefumba macho, vimelala katika manyoya ya mama yao. Zamu ya Mbweni ikafika, hakwenda. Ikafika tena, akaenda mchana akarudi jioni. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma. Nilimfikiria yule mwenzangu amekaa peke yake kwenye upepo wake, anasikiliza geti, na nilipofikiria hivyo chakula kilishuka vizuri.

Ndipo asubuhi moja bajaji ikasimama nje. Akashuka mke mwenzangu, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, tenga mkononi.

"Shikamoo dada. Nimekuletea dume."

Niliitikia marahaba, macho kwenye tenga.

"Mie nimeshindwa," alisema, akalitua tenga miguuni pangu. "Asubuhi majani, mchana barafu, jioni kuzoa mavi. Mwenyewe akija hanisemeshi mie, anamsemesha dume. Kaniambia siku zote unamlilia, sema ye ndo anaogopa joto la huku. Nikamwambia huyo mwenye kumpenda atamtunza. Dada, kweli unamtaka?"

Jirani alikuwa ameshatoka barazani. Mume wangu alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni. Ningesema nini?

"Namtaka," nilisema.

Alinishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili yenye mikwaruzo, akanishukuru, na wala hakuwa ananisanifu, alimaanisha. Alirudi kwenye bajaji na khanga begani, mikono mitupu, anatembea kama mtu aliyetoka kuoga.

Sasa dume yuko kwangu, na jike wa Mbweni naye amemfuata. Banda la makuti limejengwa uani, limekula sehemu yote niliyokuwa naanikia nguo. Mume wangu hupitisha kwangu siku zake nyingi, nyingine hata si zangu, na hukaa bandani kutwa, akimweleza dume habari za bandarini ambazo mimi sijawahi kuzisikia. Barafu za ubuyu nimeacha kuuza, friji haina nafasi. Mikono yangu ina mikwaruzo mpaka viwikoni.

Jana mchana nilirudi kutoka sokoni na kiroba changu cha majani, nikakaa kizingitini, nikafungua simu. Mke mwenzangu ameweka picha kwenye status. Yuko barazani kwake, kwenye kiti cha uvivu, miguu juu ya stuli, hina imekolea mpaka vidoleni, na nyuma yake kiwanja cheupe kimefagiliwa, hakina hata unyoya. Niliitazama mpaka ikapita, nikairudisha, nikaitazama tena. Moyo uliniwaka kuliko siku zote.

"Mke wangu," mume wangu aliita kutoka bandani, kwa sauti laini kabisa. "Lete barafu. Dume anahema."