Mama mkwe alichemsha maua ya marehemu mama yangu

Niaje wakuu. Hapa sijaongeza chumvi hata kidogo. Chumvi yote ilikuwa kwa sufuria, mtaona.

Naishi Kayole, floor ya mwisho, na caretaker aliniruhusu kuweka ndoo zangu rooftop. Ni ndoo za rangi, nimezitoboa chini. Napanda maua ya dahlia.

Mama yangu alikuwa nazo mbele ya nyumba ya council, nyekundu, kubwa kama sahani. Alifariki kabla sijaolewa. Siku ya kurudisha funguo niling'oa shina moja tu. Waliohamia wakamwaga simiti pale.

Kwa hivyo hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Hakuna nyingine.

Sasa, dahlia chini ya udongo ina viazi. Ukiviona utaapa ni viazi vitamu.

Baridi ya Julai ikifika na majani yakikauka, mimi huving'oa, nakung'uta udongo, naanika kivulini, kisha nafukia kwa gunia la maranda. Maranda napewa na mjomba wangu wa Ukambani, mchongaji wa vinyago. Mvua ya Oktoba ikikaribia ndio navirudisha kwa ndoo.

(Najua wengine mnaziacha tu kwa udongo mwaka mzima. Za kwangu ziliwahi kuoza nusu ndani ya ndoo, sitaki kusikia.)

Mwaka huo gunia nililiweka jikoni, kando ya vitunguu. Akili ilikuwa wapi, sijui.

Septemba mama mkwe akatutembelea kutoka Vihiga. Wakuu, huyo mama hawezi kukaa bure. Ukimpa kiti, anakiosha kwanza.

Jioni moja natoka job, nakuta meza imeandaliwa. Chai ya maziwa, sahani imefunikwa, na Baba Ivy, mume wangu, anatafuna polepole.

"Mama Ivy, karibu chai," mama mkwe akasema. "Lakini viazi vyenu vya Ukambani! Nimeweka chumvi mpaka nikachoka, ladha hakuna."

Nikafunua sahani. Nikakimbia jikoni. Ndani ya gunia, maranda tupu.

Baba Ivy ndio akashtuka, akaacha kutafuna. Alikuwa kwa kipande cha pili, huyo mtu!

Na utamgombeza mama mkwe vipi? Nilikaa, nikachukua kipande, nikala. Kilikuwa majimaji, kama tango lililochemshwa. Machozi yakanitoka hapo hapo mezani.

"Mama, haya ni maua ya mama yangu. Hayako mengine."

Akaweka kikombe chini. "Maua?"

"Maua, Mama."

Akachukua kipande, akakigeuza. Halafu akauliza, "Na si vichwa viko?"

"Vichwa gani?"

Akanishika mkono, tukapanda rooftop. Ndoo zangu zilizokuwa tupu zilikuwa zimemwagiliwa maji, na kila moja ina vishina vinachungulia kwa udongo.

Kwao, ukipika nduma, unakata kichwa na nyama kidogo, unakirudisha shambani kiote tena. Aliona viazi vyangu vina shina, akakata vichwa na akavipanda bila kufikiria mara mbili.

"Nani hutupa kichwa cha nduma?" akaniuliza kwa ukali, eti mimi ndiye mwenye makosa.

Kwa wasiojua: jicho la dahlia liko shingoni, pale kiazi kinaposhikana na shina. Kiazi bila shingo hakichipui hata ukikibembeleza. Tulikuwa tumekula sehemu ambayo peke yake haingeota.

Vingi vilioza, sitadanganya. Vinne vikachipuka. Akirudi Vihiga nilimfungia kimoja kwa gazeti, maana aliomba kwa aibu nikashindwa kukataa.

Desemba akanipigia video call. Akageuza simu, nikaona nduma zake, na katikati dahlia moja nyekundu.

"Mamako sikuwahi kumwona mpaka leo," akasema.

Nililia tena, lakini hii ya pili ilikuwa tamu.

Nilichojifunza ni kwamba kitu unachokipenda, waambie watu wa nyumba ni nini. Mimi nilinyamaza nacho miaka yote, mama wa watu angejuaje? Siku hizi gunia limeandikwa kwa marker: SI VIAZI. Na siogopi tena ya kwangu ikioza, kuna ingine Vihiga.

Haya, nani hapa ameshawahi kupikiwa kitu cha thamani? Semeni, msiniache na aibu peke yangu. Na mwenye ako na dahlia ya njano, tubadilishane vichwa.