Koti la Gari la Kaka Hemedi

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kaka yangu Hemedi alipoingia Lukozi kwa mara ya kwanza na gari lake mwenyewe. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba na redio vimejaa mpaka kwenye gulio letu, na Hemedi alikuwa amejikwamua huko Dar kwa kuuza marobota ya nguo. Gari lilikuwa dogo, la Kijapani, rangi ya damu ya mzee, linang'aa hata unajiona. Mama alilizunguka bila kuligusa, akasema, "Alhamdulillahi, sasa utakuja kila mwezi."

Hemedi alikuwa amechuchumaa mbele ya boneti. Kutoka Lushoto hadi kwetu ilikuwa barabara ya kokoto, na lori la kabichi lilikuwa limemrushia mawe. Rangi ilikuwa imedonoka hapa na pale, vidoa kama vya tetekuwanga.

"Mama, rangi hii ni ya kiwandani," alisema. "Ikitoka hairudi. Silileti tena huku mpaka watengeneze barabara."

"Si uliache Lushoto, upande basi?"

"Nipande basi na gari ninalo?" Akacheka. Mama akacheka naye, maskini.

Mimi nilikuwa fundi cherehani, tena mjinga wa kuamini kwamba kila kizuizi kina dawa yake. Hemedi alitaja mwenyewe kwamba madereva wa safari ndefu hulifunika gari mbele kwa turubai wakiwa njiani, wakifika hulivua. Basi nikachukua futi, nikapima uso wote wa gari kabla hajaondoka. Nikalishonea koti: nje turubai, ndani blanketi ili rangi isikwaruzwe, matundu ya taa, na mbele ya rejeta nikaacha wazi injini isichemke. Blanketi lilikuwa la Mama. Baridi ya Lukozi unaijua. Alilitoa mwenyewe kitandani, akasema atajifunika khanga zake.

Koti tulilituma Dar kwa kondakta wa basi, pamoja na maagizo: alifunge likiwa kavu, akifika alivue, maana vumbi na maji yakikaa chini yake yataila rangi yenyewe. Hemedi akarudisha salamu kwamba limekaa sawasawa, anashukuru sana.

Tukasubiri. Mama hakukaa bure. Kila akitoka shambani alipita barabarani, pale inapochepuka njia ya kwetu, akaokota kokoto kwa mkono na kuzirundika kando ya mfereji. Kipande alichosafisha kilikuwa kidogo tu, na malori yalileta nyingine. Nilimwambia aache, mgongo unamuuma.

"Akipita hapa asikie laini," alisema.

Siku moja jirani yetu, muuza karoti, akarudi kutoka Mombo, chini ya mlima. "Nimemwona Hemedi," alituambia. "Gari limevaa lile koti lako. Anakwenda Arusha kwenye biashara, anasema njia hiyo anapita mara kwa mara." Kumbe alikuwa akipita hapo chini tu, na blanketi la Mama limefungwa mbele ya gari. Ndipo nikaelewa kwamba halikuwa suala la mawe. Nadhani Mama alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Alitoka kwenda barabarani.

Mama alikufa msimu wa baridi uliofuata, kwa kichomi.

Hemedi alifika tumeshamzika, mikono yetu bado ina udongo. Gari halikuwa na koti. Alikuwa amelikimbiza juu ya kokoto zote zile, boneti imechubuka vibaya, taa moja imepasuka, wala hakutazama. Siku hiyo mawe hayakumzuia. Mjomba wetu, mzee asiyepayuka, alimshika mkono akampeleka kando ya mfereji.

"Mawe haya ni yako," alimwambia. "Mama yako aliyaokota ili gari lako lipite."

Hemedi alikaa chini kwenye vumbi, akalia. Nilitaka kumhurumia, nikashindwa. Baada ya arobaini nikasikia gari limepigwa rangi upya. Huku hakuja tena, maana hakuwa na wa kumjia.

Mwanangu, nimesikia unawauliza mafundi wa Lushoto habari za plastiki ya kubandika mbele ya gari jipya wakati wa safari. Bandika, si vibaya, na ukifika ibandue. Lakini siku utakapoulizwa utakuja lini, ukajisikia unaanza kuitaja barabara, nyamaza, washa gari uje. Na kama ni wewe unayesubiri, usimtolee mtu blanketi lako. Mimi nimeyajua haya, na kuyajua hakukunisaidia kitu. Rundo lile bado lipo, nyasi zimelifunika, nami napita kando yake kila siku ya gulio.

Mungu akujalie umri mrefu, akujalie na gari zuri, na gari hilo lichubuke mbele kwa mawe ya njia ya kwenda kwa mama yako. Amina.