Niliandika "Ardhi Tupu"

Leo nimeaibika mbele ya ukumbi mzima, na nilistahili.

Mji wetu wa Garissa unakua, kwa hiyo ofisi yetu imepanga barabara mpya na steji kubwa ya mabasi nje ya mji. Mimi ndiye niliyepima hiyo ardhi.

Leo tumewaonyesha wananchi ramani. Nilikuwa naeleza kwa madaha, fimbo mkononi, mara akasimama eddo Halima, dada wa baba yangu.

"Hapo penye steji umeandika nini?"

Nikamsomea: "Ardhi tupu. Hakuna makazi."

"Ulipima lini?"

"Wakati wa kiangazi, eddo."

Ukumbi ukacheka. Si kicheko cha furaha.

Jamani, kiangazi sisi wafugaji tunabomoa nyumba, tunapakia miti na mikeka juu ya ngamia, tunafuata maji. Mvua ikinyesha tunarudi palepale. Nalijua hilo, nimekulia ndani ya nyumba hizo! Lakini nilifika na mashine yangu ya kupimia, nikaona mchanga, nikaandika.

Nikamwahidi eddo nitarekebisha. Akaketi, ameridhika.

Bosi akaninong'oneza: ramani ilishapitishwa. Kikao cha leo kilikuwa cha kuonyesha tu.

Nyie mngemwambiaje eddo? Mimi nimeshindwa.

Nilimsindikiza hadi nje. Akatazama mawingu, akanishika mkono.

"Mvua imekaribia. Mwambie mama yako wiki hii tunarudi nyumbani."