Herufi Yenye Tumbo

Safari iliyotuleta Ifakara ilianzia Shinyanga. Mimi nilikuwa bado sijaanza shule. Mama alikuwa anarudi kwao, baba anafuata mashamba ya mpunga, na mimi nilifuata kidole cha baba. Treni ikisimama, kidole kinatoka dirishani kuelekea kibao cha stesheni.

"Soma, mwanangu. Tabola."

"Tabola," nasoma.

Mama, Mpogoro wa upande wa Mahenge, alijifanya amelala, lakini mabega yalikuwa yanacheza kwa kicheko. Tulipofika "Mologolo" akashindwa kuvumilia: "Msukuma wewe, unamlisha mtoto nini?"

Tukapanda basi. Kidatu, Mang'ula, Kisawasawa, baba anasoma kila kilichoandikwa, hata magunia. Mpaka tunashuka "Ifakala" nilikuwa najua herufi zote. Nilichojua zaidi ya watoto wengine ni kwamba L ziko mbili: moja imesimama kavu kama fimbo, nyingine ina tumbo na mguu. Sauti ni ileile. Mtu anachagua anayoipenda.

Mwaka uleule mama akafungua kibanda cha wali na kambale karibu na stendi. Asubuhi ya kwanza, yeye akiwa sokoni, baba alinipa brashi na kopo la rangi nyekundu, akanisimamisha juu ya benchi mbele ya kibao kitupu. Maneno alitaja yeye. Herufi aliniachia mimi, maana alishajivunia kwa majirani kwamba mwanawe anaandika.

Nikafikiri sana. Hapa watu wanakuja kushiba. Ile L kavu haifai hata kidogo. Nikaandika: KARIBU CHAKURA.

Mama aliporudi na kapu lake la samaki, rangi ilikuwa imekauka. Alisoma, akaweka kapu chini, akakaa palepale kwenye vumbi akicheka. Ningeweza kuvumilia kicheko chake. Lakini dereva mmoja wa trekta alisimama, akaita kwa nguvu, "Mama, naomba sahani ya chakura!" na stendi nzima ikapokea. Niliingia chini ya meza. Nikasema siandiki tena, hata shule siendi.

Mama akachukua kitambaa na mafuta ya taa ili afute. Baba akamshika mkono.

"Usifute. Ukifuta leo, huyu hatashika tena bulashi."

"Na wateja wanaonicheka?"

"Anayecheka ana njaa. Atakalibia tu."

Mama alitazama kibao, akatazama miguu yangu chini ya meza. Kisha akamgeukia yule dereva, mikono kiunoni.

"Kaka, chakula kimekwisha. Kimebaki chakura. Utakula au utasoma?"

Dereva akala, akaongeza sahani. Kesho yake alileta wenzake, na haikupita muda kibanda kikaitwa Chakura. Nikatoka chini ya meza.

Jioni ndipo mama alipoanza kunifundisha tofauti. "Fanya mashine ya kukoboa: rrrrr!" Nikanguruma. Baba naye akasogeza kigoda akanguruma, ikatoka "lllll," na mama akamwambia mashine yake haina mkanda. Baba hakununa. Alijaribu kila jioni, mpaka leo mpunga wake haujakobolewa.

Nilipomaliza kidato cha nne, miguu ikaanza kuniwasha kwa hamu ya safari. Siku ya kuondoka mama alinionyesha kibao. Rangi ilikuwa imepauka.

"Kabla hujatukimbia, pitishia rangi."

Nikapanda benchi. Sasa nilikuwa mtu wa sekondari, na yale maandishi yalinitia aibu kidogo.

"Mama, nirekebishe?"

"Urekebishe nini? Unataka wateja wanipotee?"

Baba, aliyeshika benchi lisiyumbe, akasema, "Hiyo L ya mwisho, iongezee tumbo."

Nikaiongezea. Mama akanifungia wali kwenye jani la mgomba, akarudi jikoni haraka akisingizia moshi. Baba akanisindikiza, akisoma kila kibao njiani kama vile nilikuwa bado sijui. Tangu siku ile nimeishi mikoa mingi, na Ifakara huwa napita tu kusalimia.

Siku hiyo, mbele ya basi, baba akanyoosha kidole kwenye maandishi ya kioo.

"Mologolo," akasoma. "Ndilo lenyewe. Panda."

Nikapanda.