Ramani ya Bukavu ya Zamani

Prof wetu wa historia alikuwa na ramani ya Bukavu ya wakati wa Wabelgiji. Juu yake mji una jina la muzungu, avenyu zina majina ya wazungu, na nchi ni Congo. Yote yalikatazwa. Sasa nchi ni Zaïre, na mwenye kutunza vitu vya mkoloni ni adui wa chama cha Rais. Lakini prof alitutuma tuulize wazee nyumbani kila mahali paliitwaje kabla ya muzungu, tukaandika majina yale pembeni kwa penseli. Nyanya yangu alitoa majina ya vilima viwili na matusi kwa ng'ombe wa jirani waliokufa zamani. Ndivyo tulivyojua kwamba mji huu ulikuwa malisho. Ng'ombe walitangulia, sisi tukafuata, na darasani kwetu tofauti haionekani sana.

Ramani ilitundikwa ukutani nyuma ya mlango. Mlango ukiwa wazi, haionekani.

Asubuhi moja mlango ukafunguliwa bila hodi. Inspekta wa chama, koti lake la abakosti limembana tumbo, na prefe, mkuu wa shule, nyuma yake, jasho linamtoka. Prof akabaki na chaki hewani. Sote tulijua habari za mwalimu wa Bagira aliyepoteza kazi kwa sababu ya kuvaa tai kwenye ndoa ya dada yake. Tai tu, vazi la mkoloni! Sasa ramani nzima?

"Funga ule mulango," inspekta akamwambia prefe. "Upepo iko inaingia."

Prefe akashika kitasa. Nikaruka kutoka kwenye benchi, nikamwita raia kwa Kifaransa, kama chama kilivyoagiza.

"Citoyen inspekta! Batoto banaomba kusalimia chama kwanza!"

Sikungoja jibu. Nikaanzisha wimbo wa chama, darasa zima likaitikia, madawati yakawa ngoma. Wimbo ule hakuna anayeukatiza. Anayeacha kupiga makofi wa kwanza ndiye ataulizwa. Prefe akaachia kitasa, akapiga makofi. Inspekta naye akatikisa tumbo, vifungo vikilia. Mwenzangu wa benchi akateleza nyuma ya mlango. Mimi nikarudia beti, nikarudia tena, sauti ikakauka. Alipotokea, mguu wake mmoja haukunjiki: ramani ilikuwa ndani ya suruali.

"Weye, muguu iko na nini?" inspekta akauliza, akihema.

"Ile njo ngoma ya kwetu Nyangezi, citoyen. Banachezaka na muguu moja," akajibu.

Prefe akafunga mlango. Ukutani msumari, na alama nyeupe ya mraba.

"Na ule musumari?"

Prof akageukia ubao.

"Iko inangojea picha ya Rais, citoyen," nikasema.

"Picha ya Rais? Nyuma ya mulango?"

Nikanyoosha mgongo kama kwenye gwaride.

"Ndiyo, citoyen. Mulango ikifungwa, hakuna mutu atatoroka masomo bila Rais kumuona."

Akaugonga msumari kwa kidole. Halafu akamgeukia prefe: "Balete picha. Kubwa."

Walipotoka, prof alinikata pointi za nidhamu kwa ajili ya kelele.

Picha ililetwa, kubwa kweli. Tulibandika ramani mgongoni pake. Sasa prof akitaka kutufundisha mji wetu, anamgeuza Rais auangalie ukuta, na mimi nakaa mlangoni kusikiliza viatu. Upepo ukigonga kidogo tu, Rais anarudi mbio.